Somo la Protini Lianzie Chunguni

Miongoni mwa mada za sayansi ambazo mwanachuo wa ualimu hana budi kuzijua kabla hajakabidhiwa darasa, mada ya protini ni mojawapo ya zile zinazokaririwa upesi na kusahauliwa upesi zaidi. Alipokuwa shule ya msingi aliambiwa kwamba protini hujenga mwili. Akaorodhesha nyama, maharage, mayai na samaki, akapata alama zake. Alipofika sekondari aliambiwa, safari hii kwa Kiingereza, kwamba protini ni mnyororo wa asidi amino; akachora atomu za kaboni, haidrojeni, oksijeni na nitrojeni, akapata alama zake tena. Anapofika chuoni anayo majibu mawili yasiyofahamiana. Hakuna aliyemwonyesha kwamba maharage yale ya shule ya msingi na mnyororo ule wa sekondari ni habari moja.

Sisi tunaofundisha sayansi katika mji wa Songea twaona kwamba tatizo haliko kwa mwanachuo, wala haliko katika lugha peke yake, ingawa lugha ina sehemu yake. Tatizo kubwa liko katika mfuatano wa somo. Vitabu aghalabu huanza na kilicho kidogo kuliko vyote, yaani asidi amino. Kutoka hapo hupanda hadi kwenye mnyororo, kisha hadi kwenye umbo la mnyororo huo, na mwisho kabisa, kengele ikiwa karibu kulia, ndipo hutajwa kazi ya protini. Mfuatano huo humfaa mtu ambaye tayari anajua anakokwenda. Kwa mtu anayeanza kujifunza, rai yetu ni kwamba ugeuzwe. Tuanze na kazi ambayo protini inaifanya mbele ya macho yake. Tushuke hadi kwenye umbo linalowezesha kazi hiyo. Kisha tushuke tena hadi kwenye mpangilio wa asidi amino unaolizaa umbo hilo. Na vifaa vya kuanzia havihitaji maabara. Vimo katika vyungu vya nyumba za Lizaboni.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa letu mahindi. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto wapatao 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 walikuwa wamedumaa, na kwamba katika Mkoa wa Ruvuma idadi hiyo ilizidi 35 katika kila 100. Ghala limejaa, lakini mtoto hafikii kimo chake.

Hatudai kwamba kudumaa kunaletwa na upungufu wa protini tu. La hasha. Kuhara, minyoo, malaria, maji machafu, afya ya mama alipokuwa mjamzito, na idadi ya milo ambayo mtoto hupewa kwa siku, vyote vina sehemu yake. Kadhalika, mtoto asiyepata chakula cha kutosha cha kumtia nguvu, mwili wake huichoma hata ile protini kidogo aliyoipata ili kupata nishati. Kwa hiyo ugali si adui wa mtoto, na mwalimu asiufundishe kana kwamba ni adui.

Tunachodai ni hiki: mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayezungumza na wazazi wa kesho. Kama hazina yake yote ni sentensi isemayo kwamba protini hujenga mwili na kwamba nyama ina protini, atajibiwa kwamba nyama haipo, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Lakini mwalimu anayefahamu jinsi mnyororo wa protini unavyoundwa ndani ya seli atakuwa na la kusema juu ya mahindi na maharage ambayo mzazi huyo anayo nyumbani.

Wazo la kulifunga somo na maisha ya watu si geni nchini mwetu. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulionya dhidi ya elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Mwaka 1973 taifa liliunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Kilichobaki ni kuifikisha ari hiyo ndani ya somo la seli na kemia yake, mahali ambapo mpaka leo aghalabu hutawala ubao, chaki na kukariri.

Hatua ya kwanza: kazi

Aliyekulia Songea hahitaji kuelezwa togwa ni nini. Uji wa mahindi hupikwa hadi ukaiva na kuwa mzito. Huepuliwa, ukaachwa upoe hadi kuwa vuguvugu. Ndipo hutiwa unga wa kimea, yaani ulezi ulioloweshwa, ukaachwa uchipue, kisha ukaanikwa na kusagwa. Haupiti muda mrefu kabla ya uji uliokuwa mzito kuwa mwepesi, nao huanza kuwa mtamu ijapokuwa hakuna aliyetia sukari. Ukiachwa hadi kesho yake huwa na uchachu wa kupendeza.

Mwalimu na aanze hapa, kwa maswali matatu. Ni nini kilicholegeza uji? Utamu umetoka wapi? Na kwa nini mpishi alingoja upoe kwanza? Swali la tatu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu kila mwanafunzi amemwona mama au bibi yake akingoja, na pengine hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

Jibu ni kwamba mbegu inapochipua hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi. Kimeng'enya hicho ni protini. Kazi yake katika mbegu ni kukata minyororo mirefu ya wanga iwe vipande vifupi na sukari, ili mmea mchanga upate chakula kabla haujawa na majani. Mpishi wa togwa huichukua kazi hiyo kutoka katika mbegu na kuihamishia chunguni.

Jaribio lake ni jepesi. Tayarisha vikombe 3 vya uji mzito ulio vuguvugu. Cha kwanza kiache kama kilivyo. Cha pili tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Cha tatu tia kijiko kimoja cha kimea ambacho kimechemshwa kwanza katika maji kidogo. Ngojea nusu saa, kisha waache wanafunzi wauinamishe kila mmoja wa vikombe hivyo na kutazama. Kikombe cha pili kitamiminika. Cha kwanza na cha tatu vitakawia. Panapopatikana iodini kidogo kutoka duka la dawa, izimuliwe kwa maji na kudondoshewa uji wa kila kikombe. Penye wanga mwingi rangi itakuwa ya buluu iliyokoza sana. Katika kikombe cha pili itazidi kufifia kadiri muda unavyopita. Uji wa majaribio usinywewe.

Kwa jaribio hilo moja mwanafunzi amejionea mambo ambayo orodha ya vyakula haikuweza kumfundisha. Ameona kwamba protini si tofali la kujengea tu, bali ni mfanyakazi. Ameona kwamba kiasi kidogo cha mfanyakazi huyo humaliza kazi kubwa. Tena ameona kwamba moto humharibu.

Na habari hii haiishii darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini mwetu walionyesha kwamba kimea kinaweza kutumika katika uji wa watoto. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukimpa uji mwepesi uliozimuliwa kwa maji, hushiba maji. Ukimpa uji mzito, hushindwa kuumeza. Lakini uji uliopikwa kwa unga mwingi, ukalegezwa kwa kimea badala ya maji, humezeka kwa urahisi huku ukiwa umebeba chakula kingi katika kijiko kile kile. Mwanachuo anayeelewa amilesi ameelewa vilevile kijiko cha mtoto.

Hatua ya pili: umbo

Baada ya kimea, swali linalofuata hujileta lenyewe: moto uliifanya nini protini ile hata ikaacha kazi? Hapa pachukuliwe yai.

Ute wa yai, takriban sehemu 9 katika 10, ni maji. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini. Ukiwa mbichi hupenya mwanga na huteleza. Ukichemshwa huwa mweupe na mgumu, na hakuna awezaye kuurudisha ulivyokuwa. Mwalimu awaulize wanafunzi: kimeongezwa nini? Hakuna. Kimepungua nini? Karibu hakuna. Mnyororo umekatwa? Haukukatwa. Kilichobadilika ni umbo. Mnyororo uliokuwa umejikunja kwa utaratibu wake umekunjuka, ukasokotana na minyororo mingine kama nyuzi zilizovurugika.

Mwaka 1894 mkemia Emil Fischer wa Ujerumani alikifananisha kimeng'enya na kufuli lenye ufunguo wake: kitu kinachofanyiwa kazi hukaa ndani ya kimeng'enya kwa sababu maumbo yao yanalingana. Mfano huo unafaa sana darasani. Ufunguo ukiyeyushwa, chuma ni kile kile na uzito ni ule ule, lakini mlango haufunguki. Ndivyo ilivyo kwa kimea kilichochemshwa. Wapo walimu watakaopenda kuongeza maziwa yaliyokamuliwa limau, yakaganda bila moto, ili wanafunzi waone kwamba hata ukali wa asidi huweza kulivuruga umbo la protini.

Yafaa mwalimu awe mwangalifu hapa, maana mwanafunzi hodari atauliza: basi kupika huharibu chakula? Jibu ni kwamba kukunjuka si kukatwa. Tumboni na katika utumbo mwembamba, vimeng'enya vyetu wenyewe huukata mnyororo hadi kubaki asidi amino moja moja au vipande vifupi sana; na mnyororo uliokunjuliwa na moto hukatwa kwa urahisi zaidi. Isitoshe, maharage mabichi yana protini zinazodhuru utumbo. Kuyachemsha sawasawa hulivunja umbo la protini hizo zikakosa nguvu ya kudhuru. Moto ule ule unaoua kimea ndio unaotuokoa na maharage. Mwanafunzi akiweza kuyaeleza mambo hayo mawili kwa kanuni moja, ameifahamu biokemia.

Hapo ndipo ile sentensi ya kujenga mwili inapopata maana yake sahihi. Watoto wengi hudhani kwamba kipande cha nyama huenda moja kwa moja kikapachikwa msulini kama tofali ukutani. Sivyo. Chakula huvunjwa hadi kwenye asidi amino, na kila seli hujiundia upya protini zake yenyewe.

Hatua ya tatu: mpangilio

Sasa ndipo wakati wa asidi amino umewadia, maana sasa zina swali la kujibu: umbo la protini latoka wapi? Latoka katika mpangilio wa asidi amino ndani ya mnyororo. Aina zinazotumiwa kwa kawaida na viumbe hai ni 20, na protini zote, za ulezi, za kuku, za binadamu, huundwa kwa kuzipanga aina hizo kwa mfuatano mbalimbali. Frederick Sanger wa Uingereza alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1958 kwa kuonyesha mfuatano kamili wa insulini, protini yenye asidi amino 51.

Neno asidi lenyewe ni kikwazo, kwa kuwa mwanafunzi akilisikia huikumbuka asidi ya betri. Tungependekeza mwalimu atumie kwanza neno herufi, na jina la kitaalamu lije baadaye. Majina ya Kiswahili yapo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990.

Kwamba herufi moja ina uzito, hilo lina mfano unaotugusa. Himoglobini, protini ibebayo oksijeni katika damu, ina minyororo 4: miwili yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili yenye 146. Katika mnyororo huo wa 146, herufi ya 6 kwa kawaida ni asidi ya glutamiki. Mwenye ugonjwa wa selimundu ana valini mahali hapo. Herufi hiyo moja yatosha kuzifanya himoglobini zishikamane oksijeni inapopungua, na seli nyekundu za damu zikapinda kama mundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi wake katika Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo selimundu si laana wala uchawi wa jirani. Ni herufi moja, na historia ndefu ya mbu.

Mchezo wa herufi za Lizaboni

Ili wanafunzi waelewe jinsi seli inavyoutumia mpangilio huo, tunapendekeza mchezo usiogharimu zaidi ya maboksi machache yaliyokatwakatwa. Andika herufi kwenye vipande, kisha utenge mafungu mawili. Kazi ya kila kundi ni kuandika neno LIZABONI mara nyingi iwezekanavyo.

Fungu la kwanza liwe na vipande 80: L 10, I 20, Z 4, A 10, B 16, O 10 na N 10. Fungu la pili liwe na vipande 80 vile vile, lakini Z ziwe 16 na B ziwe 4. Sheria ni mbili tu: hairuhusiwi kuruka herufi, wala kuweka nyingine mahali pake.

Kundi la kwanza litaandika neno mara 4 na kusimama, maana Z zimekwisha, hata kama B zimejaa mezani. Kundi la pili nalo litaandika mara 4 na kusimama kwa kukosa B. Jumla ni maneno 8, na vipande 96 vimebaki bure. Sasa mafungu yaunganishwe. Neno litaandikwa mara 20, na hakitabaki kipande hata kimoja.

Hivyo ndivyo seli inavyofanya kazi. Maagizo ya kila protini yamehifadhiwa katika DNA, ndani ya kiini cha seli. Nakala ya maagizo hupelekwa kwenye ribosomu, mahali ambapo asidi amino huungwa moja baada ya nyingine kwa kufuata maagizo hayo. Asidi amino inayotakiwa ikikosekana, ribosomu haina ruhusa ya kuweka nyingine, kazi hukwama. Na vipande vinavyobaki mezani mwili hauna ghala la kuviweka kwa muda mrefu. Huviondoa nitrojeni, ini likaigeuza kuwa urea, ikatoka kwa njia ya mkojo, na sehemu iliyobaki hutumiwa kama nishati. Mwalimu awaambie wanafunzi pia mahali mchezo unapoishia: herufi za karatasi hazijikunji, na vyakula halisi havikamilishani kwa hesabu safi namna hii.

Kurudi chunguni: makande

Katika gramu 100 za mahindi makavu mna protini kati ya gramu 8 na 10 hivi. Wanafunzi wengi hushangaa, kwa vile walifundishwa kwamba mahindi ni wanga basi. Katika gramu 100 za maharage makavu mna protini zaidi ya gramu 20. Lakini tofauti iliyo kubwa zaidi si ya wingi, ni ya herufi. Kati ya asidi amino 20, zipo 9 ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, na hauna budi kuzipata katika chakula. Mahindi yana uhaba wa mbili kati ya hizo, lisini na triptofani. Maharage yana lisini kwa wingi, lakini yana uhaba wa methionini, ambayo mahindi yanayo kwa kiasi cha kuridhisha.

Mwaka 1914 Osborne na Mendel wa Marekani waliwalisha panya chakula ambacho protini yake pekee ilikuwa zeini, protini kuu ya mahindi. Panya walikonda. Walipoongezewa triptofani, walidumu bila kukua. Walipoongezewa triptofani pamoja na lisini, walikua. Mwanafunzi aliyekwisha kucheza mchezo wa herufi hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Basi mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja katika chungu kimoja ni mafungu mawili ya herufi yaliyounganishwa. Makande ni chakula kilichobuniwa na watu wetu bila kujua jina la lisini, na ni somo kamili la biokemia. Si lazima vyakula hivyo viwe katika sahani moja. Yatosha viliwe katika siku ile ile. Kwa mtoto mdogo, ambaye hawezi kula makande mazima, maharage yaliyopondwa, karanga zilizosagwa au unga wa dagaa wa Ziwa Nyasa katika uji hufanya kazi hiyo hiyo. Kadhalika dona lina ubora kuliko sembe, kwa kuwa kukoboa huondoa kiinitete cha punje, chenye protini iliyo na lisini na triptofani nyingi kuliko ile ya sehemu nyeupe.

Hapa tuna neno kuhusu jaribio lililozoeleka la kutambua protini kwa mrututu na kostiki soda, ambapo rangi ya zambarau huonyesha kwamba protini ipo. Jaribio hilo ni zuri, mradi mwalimu aangalie kostiki isiwaunguze watoto. Lakini hugundua viungo vya mnyororo tu; halisomi herufi. Mahindi yatatoa rangi hiyo, na maharage yataitoa pia. Anayeishia kwenye rangi amejua kwamba kuna maandishi; hajasoma neno hata moja.

Hoja zinazoweza kutolewa

Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa shule ya msingi hahitaji kujua asidi amino. Tungekubali, kama angehitaji tu kusoma kitabu kwa sauti. Lakini mwalimu hufundisha vema pale tu anapojua zaidi ya anachokisema. Mtoto wa darasa la tatu haambiwi habari za triptofani. Anaambiwa kwamba mahindi na maharage husaidiana, na mwalimu wake anajua kwa nini.

Wengine watasema kwamba muda hautoshi. Kwa hesabu yetu, hatua hizi zaweza kufundishwa kwa vipindi 4 vya kawaida: kimea, yai, herufi, makande. Muda huo hauzidi sana ule unaotumiwa kunakili ubaoni michoro ambayo mwanachuo ataisahau kabla ya likizo.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Yasemwa kwamba njia hii yaweza kuligeuza somo la sayansi kuwa somo la upishi. Hatari hiyo ipo kweli. Tumewaona wanachuo katika mazoezi ya kufundisha wakileta mayai na maharage darasani, wakayapanga mezani kwa uzuri, wakawataka watoto wayataje majina, wakayakusanya na kuondoka. Hiyo ni maonyesho, si sayansi. Kifaa hakifundishi mpaka kiulizwe swali. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kila hatua izae swali linalolazimisha hatua inayofuata. Kimea huuliza habari za moto. Moto huuliza habari za umbo. Umbo huuliza habari za mpangilio. Na mpangilio huturudisha chunguni tukiwa na macho mapya.

Mtihani nao ubadilike

Haya yote yatakuwa kazi bure iwapo maswali ya mitihani ya vyuo yataendelea kuwa yale yale. Tukiuliza, "Taja vyakula vitatu vyenye protini," tutaletewa orodha. Tuulize badala yake: "Mpishi mmoja alitia kimea katika uji uliokuwa ukichemka jikoni; mwingine alingoja upoe. Eleza kwa nini togwa ya wa kwanza ilibaki nzito." Au: "Mtoto hula uji wa sembe mara tatu kwa siku na hushiba. Eleza kwa nini seli zake zaweza kukosa herufi ijapokuwa ameshiba, kisha upendekeze badiliko moja ambalo mkulima anaweza kulimudu." Hakuna anayeweza kuyajibu maswali hayo kwa kukariri, na yeyote atakayeyajibu ataweza kuyafundisha.

Walimu wenzetu, mwanachuo tunayemhitimisha leo atapangiwa kituo penye mahindi shambani na maharage ghalani, na katika darasa lake watakuwamo watoto waliodumaa. Hatakuwa na darubini wala maabara. Chungu kitakuwapo. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba anaondoka kwetu akiwa anaweza kusoma yaliyomo ndani yake.